Trauti Samaki wa Wazungu? La Hasha!

Wanafunzi wenzangu, nikitaja samaki aina ya trauti, wengi hucheka. Eti ni wa wazungu, sisi watu wa Nyeri tule githeri! Kweli, wazee wetu hawakuwa walaji samaki, na mayai ya trauti yaliletwa na Ewart Grogan mwaka wa 1905 kutoka Loch Leven, Uskoti, yakatiwa katika mto Gura. Mwaka wa 1948 kituo cha kuwafuga kikaanzishwa hapa Kiganjo. Jamani, huyu bado ni mgeni?

Trauti haishi ila katika maji baridi, safi, yenye hewa nyingi. Hula wadudu wanaokua chini ya mawe mtoni, ndiyo maana wavuvi humdanganya kwa nzi bandia wa manyoya na uzi. Matope yakifunika mawe, wadudu hukosa makao, naye hana chakula. Sasa tazameni kingo za mito yetu: kabichi na viazi mpaka majini! Mvua ikinyesha, udongo wote mtoni. Na maji ni yayo hayo tunayokunywa.

Walimu wetu wa kilimo, mbona tusipelekwe mtoni tukayainue hayo mawe wenyewe?