Simu ya nje: Mwenye akaunti ndiye mwenye mali

MFANYABIASHARA wa viazi au parachichi wa Njombe siku hizi hafanyi kazi bila simu janja. Bei ya Mabibo au Temeke huipata asubuhi kabla hajafunga mzigo, picha za mzigo humfikia mnunuzi wa Dar es Salaam kabla lori halijapita Makambako, na malipo huingia kwenye simu hiyo hiyo. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, simu imekuwa kitendea kazi sawa na mizani.

Hata hivyo, namna kitendea kazi hicho kinavyonunuliwa inatia shaka. Msamaha wa VAT kwa simu janja uliotolewa katika bajeti ya 2021/22 uliondolewa mwaka uliofuata, na wengi wamebaki kukimbilia simu za mtumba kutoka nje. Hapo mtu yule yule anayetia mkono hadi chini ya gunia kukagua viazi, hununua simu kwa kutazama kioo na kamera tu. Kisha humwachia kijana wa dukani aiwashe na kuiandaa, naye hulipa na kuondoka.

Hasara huanzia hapo. Simu janja inapowashwa mara ya kwanza huuliza lugha, intaneti, akaunti na namba ya kufungulia. Lugha na intaneti hubadilishwa wakati wowote. Akaunti ndiyo hati ya umiliki. Kijana wa dukani, kwa nia njema au kwa haraka, huweka barua pepe yake, au hufungua mpya kwa neno la siri ambalo mteja halijui.

Simu itafanya kazi miezi mingi bila tatizo. Siku mwenyewe akisahau namba ya kufungulia, na fundi akalazimika kuifuta na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, simu itadai akaunti ile ile. Ulinzi huo umo katika Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, na katika iPhone tangu mwaka 2013. Uliwekwa ili kumkomoa mwizi, lakini humkomoa pia mwenye mali asiyejua akaunti yake. Ni sawa na kununua kiwanja Makambako na hati ikabaki kwa jina la dalali.

Kwa hiyo mnunuzi afanye kazi yote dukani, kabla fedha hazijatoka mfukoni. Kwanza, abonyeze *#06# apate namba ya utambulisho ya simu, kisha aihakiki. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizima simu bandia, na waliopuuza kuhakiki walibaki na vyombo visivyopiga wala kupokea. Pili, simu ifutwe mbele yake. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, airudishe hapo hapo. Tatu, aweke laini yake mwenyewe, apige na kufungua intaneti, kwa maana simu iliyofungiwa kampuni moja ya nje haitakubali laini ya hapa. Nne, afungue akaunti kwa jina lake, na neno la siri aliandike katika daftari linalobaki nyumbani. Tano, adai risiti yenye namba ile ya utambulisho.

Aidha, ikumbukwe kwamba fedha za mtandao zipo kwenye laini, hazipo kwenye simu. Laini ya biashara iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mtu mwingine, chini ya utaratibu ulioanza mwaka 2019, ni hatari kuliko simu mbovu. Na namba ya siri ya malipo haitajwi kwa yeyote anayesaidia kuandaa simu, awe wakala au ndugu.

Wapo watakaosema kwamba mkulima wa Njombe hana ujuzi huo na lazima asaidiwe. Ni kweli, asaidiwe. Lakini kumsaidia ni kumwelekeza huku kidole kikiwa chake na jina likiwa lake. Wenye maduka nao wasione kwamba nusu saa hiyo ni kupoteza muda. Mteja ambaye simu yake imejifunga hurudi dukani kugombana, na akitoka hapo husimulia soko zima. Duka litakalokuwa la kwanza Makambako kuweka utaratibu huo na kuutangaza, litauza zaidi bila kushusha bei.

Wafanyabiashara wanajua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Simu inayobeba wateja, bei na madeni ya msimu mzima nayo ni mali, na daftari lake ni akaunti.