Kikohozi kinachonuka



Mwezi uliopita, mkutano ulipokwisha, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki nyuma akatuuliza kwa sauti ya chini. Kijana wake alikuwa anakohoa majuma matatu, na makohozi yananuka hata wadogo zake wakakataa kulala naye chumba kimoja. Majirani walisema ni kifua kikuu. Wengine walisema amerogwa. Tulipomwuliza vizuri, tukasikia kwamba kijana ana kifafa. Siku moja alianguka, watu wakamfungua meno kwa kijiko na kummiminia maji mdomoni.

Katika kinywa cha kila mtu mna bakteria wengi, na wale wanaojificha kati ya meno na ufizi wanaishi pasipo hewa. Mtu aliye macho akipaliwa, anakohoa na kukitoa kilichotaka kuingia kifuani. Lakini aliyezimia, anayetetemeka kwa kifafa, au aliyelewa kaikpo mpaka hajitambui, hawezi kukohoa. Maji, mate au matapishi yanateremka mapafuni pamoja na bakteria hao, mara nyingi upande wa kulia ambako njia imenyooka zaidi. Baada ya juma moja au mawili, watu wameshasahau ile siku ya kuanguka, ndipo homa inaanza, na jasho la usiku, na kukonda. Jipu likipasukia ndani ya pafu, usaha unatoka na kikohozi, na ile harufu ni kazi ya bakteria hao.

Kwa hiyo majirani hawakuwa wajinga, maana dalili zinafanana sana na za kifua kikuu. Makohozi yapimwe kwanza. Ikionekana si kifua kikuu, usirudi nyumbani kimya: uliza kuhusu picha ya mapafu, na umweleze muganga habari ya kuanguka, kwa sababu yeye hawezi kuikisia. Dawa zipo, na wengi wanapona bila kupasuliwa, ila zinamezwa kwa majuma kadhaa, hata kama homa imeshuka mapema. Flagyl, ambayo tunaikimbilia farmasi kwa kila tumbo linalouma, haitoshi ikiwa peke yake.

Kifafa si kitu cha mbali hapa Ituri. Kule Logo, katika Mahagi, watafiti wamekuta wagonjwa wengi katika vijiji vinavyosumbuliwa na ugonjwa wa upofu wa mtoni, ule unaoletwa na inzi weusi. Mgonjwa akianguka, ondoa mawe na vyombo karibu naye, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke nje, na usitie kitu mdomoni, si kijiko, si maji, si dawa ya kienyeji. Ngoja aamke kabisa, ajibu jina lake, ndipo anywe. Meno yake yapigwe mswaki kila siku, maana ufizi unaooza ndio shamba la bakteria hao.

Na sisi wenyewe? Wangapi tumembana mtoto pua ili ameze uji? Bibi zetu walitufanyia hivyo, na tulikua. Hata hivyo tuache. Mtoto anayelia au anayesinzia asinyweshwe chochote.

Kijana yule amepigwa picha, yuko kwenye dawa, na wadogo zake wamerudi chumbani. Zamu ya kumsaidia mama yake shambani Jumamosi hii ni ya wamama wa upande wa barabara.