Kona ya Shamba na Sayansi: Mtama Unapomwita Adui

Sisi tunaolima mtama hapa Juba tunakijua kiduha, ambacho jirani zetu wa Sudan hukiita buda. Maua yake ya zambarau yanapendeza, lakini chini kinanyonya mizizi mpaka mtama unadumaa. Kinajuaje mtama umeota?

Jamani, mtama wenyewe ndio unakiita! Ndani ya mizizi hutengenezwa kemikali iitwayo karolaktoni, iliyotambuliwa mwaka 2012. Kutokana nayo mmea hupata homoni za strigolaktoni. Nyingine hutokea mizizini kuwaita kuvu wema wanaouletea mmea fosforasi. Sasa mbegu za kiduha, zinazoweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10, nazo husikia mwito huo zikaamka.

Udongo ukikosa fosforasi, mizizi huita kwa nguvu zaidi. Basi tulishe udongo samadi. Mwaka unaofuata tubadilishe, tupande karanga, maana kiduha cha mtama hakipati chakula humo. Watoto, tusaidieni kung'oa kila kiduha kabla hakijatoa maua: kimoja tu huzaa maelfu ya mbegu, na hizo ni njaa ya kesho.