Mji wa Fasihi Unatuita Jikoni

Niseme mapema, asiyependa ubishi afunge ukurasa hapa hapa. Hafla za utamaduni zinazofanywa majira ya baridi katika miji ya vyuo ya Marekani zimetufanya Waswahili kuwa wapishi na wacheza ngoma, basi. Sambusa zipo. Pilau ipo. Vitenge vya kupita navyo jukwaani vipo, na ngoma ya kuwachangamsha watu waliogandishwa na theluji nayo ipo. Fasihi yetu ndiyo haimo, na ubaya zaidi ni kwamba tumeridhika. (Nikisema Waswahili nawachukua wote wanaoishi ndani ya lugha hii. Wenye ule ubishi wa nani Mswahili halisi wataniwia radhi.)

Nazungumzia hasa Iowa City, ambako nimekaa misimu miwili ya baridi. Siuchagui mji huu kwa chuki. Nauchagua kwa sababu umejitangaza wenyewe. Mwaka 2008 UNESCO iliupa jina la Mji wa Fasihi, wa tatu duniani baada ya Edinburgh na Melbourne, na haikuwa zawadi ya bure. Warsha ya Waandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa ipo tangu 1936. Mwaka 1967 Paul Engle na Hualing Nieh Engle walianzisha Programu ya Kimataifa ya Uandishi, ambayo mpaka sasa imepokea zaidi ya waandishi 1,500 kutoka kila pembe ya dunia. Ukitembea Iowa Avenue unakanyaga vibao vya shaba vyenye maneno ya waandishi. Lipo duka la vitabu la Prairie Lights, lililofunguliwa 1978, ambako waandishi husoma kazi zao jioni na watu wakaja kweli, wakakaa kimya, wakanunua kitabu. Na wakazi wenyewe hawafiki elfu themanini! Miji yetu mingapi ya ukubwa huo ina duka hata moja la vitabu ambalo si la vitabu vya kiada?

Sasa ongeza jambo ambalo vibao vya shaba havilisemi. Kiswahili kinazungumzwa Iowa City kila siku. Wakongo wamehamia hapo kwa wingi, wengi kwa ile viza ya bahati nasibu, wengine baada ya miaka mingi ya kambini. Katika shule za umma za mji huo Kiswahili ni mojawapo ya lugha ambazo watoto wanatoka nazo nyumbani, pamoja na Kihispania, Kiarabu na Kifaransa. Panda basi asubuhi utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira, cha Lubumbashi, na kile cha vijana waliokulia Nyarugusu, ambao ukifumba macho utadhani uko Kasulu. Hawa ndio wanaosafisha wodi usiku na kufungasha bidhaa viwandani. Wanajua hadithi, methali, mafumbo na nyimbo ambazo mtafiti wa fasihi simulizi angelala njaa ili azipate.

Halafu baridi inaingia. Msomaji uliyeko Dar au Mombasa, usifikirie baridi ya Lushoto. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni. Januari 2019 hali ya hewa ilishuka hadi karibu nyuzi 30 chini ya sifuri na chuo kikafunga madarasa. Njia zinaganda, mtu mzima anatembea kama anayejifunza kutembea. Wazee waliozoea kukaa barazani wanajikuta wamefungiwa ndani ya chumba cha ghorofa ya pili miezi minne, mitano, na televisheni inayosema lugha isiyo yao. Ndiyo maana hafla za majira haya si pambo. Kwa mtu wa namna hiyo, jioni moja ya kukaa na watu ndiyo inayomvusha hadi Machi.

Na ajabu ni kwamba majira hayo ndiyo hasa ya hadithi. Kwetu hadithi ni kitu cha usiku. Tulikatazwa kuisimulia mchana, tukaambiwa tutaota mkia. Hadithi hungoja kazi iishe, chakula kiliwe, giza liingie, ndipo mtu aseme “Paukwa!” na wengine wajibu “Pakawa!” Iowa inatoa giza la saa kumi na nne kwa siku, na watoto hawana pa kukimbilia. Nani mwingine duniani angepewa masharti mazuri kama hayo?

Lakini tazama kalenda. Wale waandishi wa Programu ya Kimataifa hufika mwisho wa Agosti na kuondoka Novemba. Mwandishi wa Kiafrika anaiona Iowa ya majani mekundu, anasoma, anapigiwa makofi, anaondoka kabla theluji haijakaa chini. UNESCO hiyo hiyo iliyoutukuza mji huu ilitangaza 2021 kwamba tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Julai! Mji wa chuo mwezi Julai ni kama shule ya bweni wakati wa likizo, waliobaki ni wakata nyasi. Kwa hiyo Afrika inayoalikwa kusoma inakuja na majani ya kupukutika, Kiswahili kinachosherehekewa kimepangiwa kiangazi, na Waswahili wanaoishi hapo wanaachiwa majira ya baridi pamoja na masufuria.

Utaniambia, mbona ipo Kwanzaa? Ngoja nije hapo, maana hapo ndipo panaponiuma. Kwanzaa iliasisiwa 1966 na Maulana Karenga huko California, enzi ambazo Wamarekani Weusi walikuwa wanatafuta lugha ya Afrika isiyo ya kabila moja, wakakichagua Kiswahili. Kuanzia Desemba 26 hadi Januari 1 kila siku ina neno lake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Mishumaa saba juu ya kinara. Sina ugomvi nayo hata kidogo. Naiheshimu kuliko Waswahili wengi wanaoicheka kwa zile “a” mbili za mwisho. Watu walionyang'anywa lugha zao walikuja kuchukua yetu kwa mapenzi, na hilo si la kucheka.

Nilikaa katika ukumbi mmoja siku ya tatu, ya ujima. Mshereheshaji akauliza kwenye kipaza sauti, “Habari gani?” Ukumbi ukajibu, “Ujima!”, kama desturi inavyotaka. Mtoto mmoja wa Kikongo, wa miaka sita hivi, akajibu peke yake kwa sauti kubwa, “Nzuri!” Mama yake akamziba mdomo kwa aibu. Pale ukumbini palikuwa na watu zaidi ya mia, na mtoto yule ndiye aliyekuwa amelijibu swali lenyewe. Hakuna aliyegeuka kumuuliza mama anatoka wapi, wala anajua nini zaidi ya salamu. Mimi nilimuuliza wakati wa kula. Ni mtu wa Bukavu, na hadithi za Sungura alizopewa na bibi yake, alisema, hazimaliziki kwa wiki. Nikamuuliza kama ameshawahi kualikwa kuzisimulia. Akacheka. “Mwanangu, banatuitaka tu juu ya kupika na kucheza.”

Januari 1 ni siku ya imani kwenye Kwanzaa. Siku hiyo hiyo Wakongo wanapeana Bonane, wanakwenda kanisani, wanaimba mpaka alasiri. Watu wa maneno mamoja, wiki moja, mji mmoja, na hawaonani. Wenye maneno saba wangeweza kupata sentensi, na wenye sentensi wangepata jukwaa.

Msimu wangu wa pili niliandika pendekezo kwa waandaaji wa hafla moja ya Februari. Niliomba saa moja: nusu ya hadithi na vitendawili, nusu ya mashairi ya kuimbwa, tafsiri ya Kiingereza ionyeshwe ukutani. Jibu lilikuja siku ya pili, la upole sana, na alama tatu za mshangao. Wazo zuri!!! Je, kikundi chenu kingeweza pia kuleta sambusa za watu mia moja na hamsini? Barua ya mwisho, baada ya wiki mbili, ilikuwa na meza namba saba, saa ya kuleta chakula, na neno lolote kuhusu hadithi halikuwamo.

Wapo watakaosema chakula nacho ni utamaduni. Ni kweli, na pilau ya mama yangu naitetea mbele ya hakimu yeyote. Lakini mshairi wa Kifaransa akialikwa kusoma, haombwi aje na mikate. Ukiwapa wengine jukwaa na wengine meza ya chakula, umeshasema nani ana akili na nani ana mikono. Wengine watasema lugha ni kikwazo, nani ataelewa? Hii ndiyo hoja inayonichekesha, kwa sababu chuo hicho hicho kinafundisha tafsiri ya fasihi kwa shahada ya uzamili. Ufundi uko mtaa wa pili. Na wasikilizaji? Anayesema hawatatoka kwenye baridi hajaona kanisa la Wakongo Jumapili ya Januari, nyuzi 15 chini ya sifuri, magari yamejaa hadi barabarani, kwaya tatu, na ibada inayokwenda saa nne. Hawatoki kwa sababu hawajaitwa. Au wameitwa saa moja usiku, wakati zamu inaanza.

Sasa nigeuke kwetu, maana ni rahisi kumlaumu Mzungu na alama zake za mshangao. Mwaka 1968 Taban lo Liyong alihitimu katika Warsha ya Waandishi ya Iowa, Mwafrika wa kwanza kuhitimu hapo. Mwaka huo huo, Oktoba, akiwa Nairobi, yeye na Henry Owuor-Anyumba na Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye bado alikuwa anaitwa James Ngugi, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati, na fasihi simulizi ipewe kiti chake. Fikiria hilo. Mtu aliyetoka katika madarasa ya Iowa ndiye aliyekwenda kudai kwamba hadithi ya bibi ni fasihi. Zaidi ya miaka hamsini baadaye bibi mwenyewe amehamia Iowa, na hakuna anayempigia hodi. Wala si wenyeji tu. Waandishi wetu wanaopata nafasi ya kwenda huko, wengi wao wanasoma kwa Kiingereza, wanapiga picha na vibao vya shaba, wanaandika kwamba wamekumbuka nyumbani. Nyumbani ilikuwa kwenye basi namba fulani, inarudi kutoka kazini na buti zimelowa!

Fasihi ya Kiswahili si mgeni kwenye theluji. Kezilahabi alimaliza tasnifu yake ya udaktari Madison, Wisconsin, 1985, mji mwingine wa chuo ambako maziwa yanaganda watu wakatembea juu yake. Tuzo kubwa ya miswada ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2014, inabeba jina la Chuo Kikuu cha Cornell, kilichoko Ithaca, nako theluji tupu. Vijana wa Kikongo niliokutana nao Iowa ambao wanaandika, na wapo, wanaandika kwenye simu, nyimbo, ushuhuda, visa vya kambini, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameisikia tuzo hiyo. Nani angewaambia? Sisi wenye blogu na makongamano tunapeana habari sisi kwa sisi. Kiswahili chao tunakiita kibovu, tukimaliza tunalalamika kwamba wasomaji wamepungua.

Na muda haupo. Mtoto aliyejibu “Nzuri!” akiwa na miaka sita, akifika kumi atajibu kwa Kiingereza. Nimewaona kaka zake. Wanaelewa kila kitu anachosema mama na hawarudishi neno. Mama akianza hadithi, mkubwa anaweka vipaza sauti masikioni, na mama anaacha.

Kwa hiyo mtu yeyote anayesoma hapa na kuishi katika mji wa namna hiyo, msimu ujao ukiombwa sambusa, jibu kwa pendekezo la jukwaa, na uliandike kwa majina: nani atasimulia, dakika ngapi, nani atatafsiri. Mwandishi unayekwenda huko Agosti, kabla hujaondoka Novemba tafuta kanisa lao, kaa nao jioni moja, wasomee kwa Kiswahili, na uwaachie vitabu viwili vitatu. Hata Gurnah siku hizi anasomeka kwa lugha hii, Peponi ya Ida Hadjivayanis imetoka 2022. Saa ya kuanza iwe kumi na moja jioni, giza limeshaingia na zamu ya usiku haijaanza. Watoto waje. Kuwe na gari la kuwachukua wazee, kwa sababu barafu haina heshima kwa mtu mzima. Na mama wa Bukavu alipwe kiasi kile kile anacholipwa mshairi aliyesoma wiki iliyotangulia, kwa hundi yenye jina lake, siku hiyo hiyo.