Saa Kuukuu Mnadani: Mbuzi wa Kwenye Gunia

Askari na saa ya mkono wamekuwa pamoja kwa zaidi ya miaka mia moja. Kabla ya vita vya mwaka 1914 hadi 1918, wanaume wengi wa Ulaya walitia saa zao mfukoni, kwani ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Mahandakini mambo yaligeuka. Mizinga na askari wa miguu walipaswa kufuata dakika moja, na mwenye bunduki mikononi hana nafasi ya kupekua mfuko. Vita vilipokwisha, saa ilikuwa imehamia kwenye kifundo cha mkono, wala haikurudi tena mfukoni.

Katika vita vikuu vya pili jeshi la Uingereza liliagiza saa za namna moja: uso mweusi, mashine ya vito 15, na kasha la kuzuia maji. Kampuni 12 zilizitengeneza, miongoni mwao Omega, Longines, Cyma, Vertex na Grana, nazo zilipokelewa mwaka 1945. Kwenye kifuniko cha nyuma zilichorwa herufi W.W.W. pamoja na mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza.

Saa hizo, pamoja na Seiko za Japani za miaka ya 1970 na 1980, leo hutafutwa sana katika minada ya intaneti. Mnada ulio mashuhuri, eBay, ulianzishwa Marekani mwaka 1995. Askari aliye kambini aweza kushindania saa na mtu wa London au Tokyo bila kuinuka kitini. Lakini saa haishiki mkononi, haisikii ikigonga, wala muuzaji hamwoni uso. Huyo ni mbuzi wa kwenye gunia. Kinachonunuliwa hasa ni picha na maneno, na yapasa vipimwe kabla ya bei kutajwa.

Jambo la kwanza ni uso wa saa. Saa ya miaka 40 yenye uso unaong'aa kama wa jana aghalabu imepakwa rangi upya. Herufi huwa nene au zimepinda, na alama za dakika hazilingani. Seiko 5 na HMT za India huuzwa kwa wingi zikiwa na nyuso za rangi ambazo kiwanda hakikuzitoa kamwe. Saa kama hiyo yaweza kwenda vizuri, lakini haistahili bei ya saa iliyobaki na uso wake wa asili.

La pili ni namba. Nyuma ya Seiko ya zamani huwa na namba ya aina, kama 6309-7040, ambayo ni saa ya wapiga mbizi iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976. Pembeni yake ipo namba nyingine ya tarakimu sita. Ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi. Namba inayoanza na 0 kisha 3 yasema Machi 1980. Muuzaji akisema saa ni ya 1980, ilhali namba yaanza na 4, basi ama kifuniko kimetoka kwenye saa nyingine, ama maneno si ya kweli.

La tatu ni mashine. Muuzaji aombwe picha ya ndani, kifuniko kikiwa wazi. Kutu, alama za bisibisi na skrubu zilizopotea huonekana mara moja. Hali kadhalika aulizwe saa hupotea au kuzidi dakika ngapi kwa siku nzima. Maneno "inafanya kazi" huenda yakamaanisha tu kwamba mishale ilisogea alipoitikisa. Muuzaji mwaminifu hujibu. Anayekwepa swali amekwisha jibu.

Ndipo yaja hesabu ya nyumbani, nayo ifanywe na mume na mke pamoja, kabla ya mnada na si baada yake. Bei ya mnada si gharama ya saa. Kuna usafirishaji, kuna ushuru wa forodha, na kuna fundi, kwani mafuta ya mashine hukauka kwa miaka na saa hulazimika kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta mapya. Tuseme nyumba imekubali dola 150 kwa jumla. Usafirishaji ukiwa 25, ushuru 25 na fundi 30, zimebaki 70 za mnadani. Hiyo ndiyo bei ya juu, na iandikwe kwenye karatasi.

Katika eBay mnunuzi aweza kuiweka bei hiyo ya juu mara moja, nao mtambo ukampandia hatua kwa hatua. Mshindani akikomea dola 52, mshindi hulipa hatua moja tu juu yake, wala hatozwi zote 70. Shida huanza katika dakika za mwisho, washindani wanapopandisha bei kwa pupa. Wengine huwa ni rafiki za muuzaji, waliowekwa kuchochea moto. Hapo ndipo karo ya mtoto hugeuka saa ya baba. Saa ikivuka 70, na iende zake. Muuzaji akishauri alipwe nje ya mnada ili bei ipungue, mazungumzo yakomee hapo, kwa kuwa ulinzi wa mnunuzi haumfuati huko nje.

Limebaki la usalama, nalo lawahusu hasa wenye watoto. Saa nyingi za kijeshi za miaka ya 1940, pamoja na hizo za W.W.W., zilipakwa radiamu ili zisomeke gizani. Rangi hiyo iliwaua wasichana wa viwandani huko New Jersey katika miaka ya 1920, kwa sababu walikuwa wakichonga ncha za brashi kwa midomo. Mng'ao hufa baada ya miaka michache, lakini radiamu yenyewe huchukua miaka ipatayo 1,600 kupungua nusu. Saa isiyong'aa tena bado ina sumu. Isifunguliwe mezani pa chakula, vumbi lake lisivutwe puani, na mtoto asipewe kuchezea. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa.

Minada haiishi. Iliyokosekana wiki hii itafuatwa na nyingine mwezi ujao, na mwenye subira hula mbivu.