Ngozi yauzwa nje, ajira yaifuata

Kenya na Tanzania zina mifugo mingi, lakini ajira katika bidhaa za ngozi bado ni haba. Nchi hizo hutoza ushuru mkubwa kwa ngozi ghafi inayouzwa nje ili isindikwe nyumbani. Hata hivyo, sehemu kubwa huondoka ikiwa imesindikwa nusu tu. Kukata na kushona viatu, kazi inayohitaji mikono mingi, hufanyika ng'ambo.

Mwaka 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuachana na nguo na viatu vya mitumba. Marekani ilipopinga, Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikapoteza nafasi ya kuuza mavazi huko bila ushuru.

Mafundi wa Kariokor, Nairobi, wangali wakishindana na mitumba. Ushuru wa ngozi pekee hautawaajiri vijana iwapo kiatu cha nyumbani hakina mnunuzi.