Ndugu Wapo Mjini, na Bado Ninalala Hotelini

Ipo imani Dar es Salaam kwamba mtu mwenye ndugu mjini akilala hoteli ya jirani na uwanja wa ndege amewavunjia heshima ndugu zake. Habari hazichelewi. Binamu alikuona ukishuka Kipawa, karibu na uwanja, na begi, au mtoto wa shangazi anafanya kazi pale mapokezi, na hujapanda ndege simu imeshalia: "Yaani umepita Dar, umelala hotelini na sisi tupo? Tumekukosea nini?" Ukirudi nyumbani unakuta maneno yamekutangulia. Ana pesa za kuchezea. Siku hizi amekuwa mzungu. Nyumba ya ndugu yake haimfai.

Naipinga imani hii kwa moyo wote. Nimelala katika hoteli hizo, na nimelaza wageni nyumbani kwangu usiku wa safari, kwa hiyo najua anayeumia ni nani. Anaumia mama mwenye nyumba. Anaumia mtoto aliyeondolewa kitandani, na dereva aliyeamshwa saa sita usiku. Mara nyingi anaumia msafiri mwenyewe pia, anayepanda ndege akiwa hoi kabla safari haijaanza.

Tazama kwanza saa za ndege zenyewe. Mashirika makubwa yanayobeba abiria wetu kwenda nje yana vituo vyao Addis Ababa, Nairobi, Istanbul, Doha na Dubai. Biashara yao inategemea ndege za miji mingi kufika kituoni kwa wakati mmoja, abiria wabadilishe ndege, kisha zote zitawanyike tena kwa pamoja. Ili mtu wa Dar awahi mkusanyiko wa asubuhi, hana budi kung'oka Dar usiku. Saa hizo hazikupangwa kwa kutuangalia sisi. Zimepangwa kwa kuangalia kituo, na sisi tulio pembeni tunaamka usiku wa manane ili kituo kiende sawa.

Sasa chukua tiketi iliyoandikwa 03:45. Hiyo ni saa kumi kasorobo usiku. Abiria wa kimataifa huambiwa afike saa tatu kabla, maana yake saa saba kasorobo usiku awe mlangoni mwa jengo la tatu la abiria (Terminal 3). Mashirika mengi hufunga kaunta saa moja kabla ya ndege kuondoka, na ikishafungwa hakuna kubembelezana. Halafu kuna mtego wa tarehe. Sisi tunahesabu usiku na mchana kwa namna yetu, tiketi inahesabu kwa namna yake. Ndege ya 03:45 ya tarehe 12 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani mtu anatakiwa atoke nyumbani tarehe 11, kabla ya saa sita usiku. Mwenyeji aliyesikia "naondoka tarehe 12 usiku" ananunua samaki wa kuagana wa jioni ya tarehe 12, wakati ndege imekwishaondoka kabla ya adhana ya alfajiri.

Hebu ingia nyumba yenyewe. Ndugu zetu wengi hawaishi Upanga wala Oysterbay. Wapo Mbagala Kuu, Chanika, Goba, Bunju na Kibaha. Nyumba ina vyumba viwili au vitatu na watu sita au saba. Mgeni wa safari akifika, chumba cha watoto kinakuwa chake, na watoto wanatandikiwa mkeka sebuleni. Sebule hiyo ndiyo njia ya kutokea usiku. Kwa hiyo saa tano na nusu, watoto wakiwa ndiyo kwanza wameshika usingizi, taa inawashwa, mabegi yanapita juu yao, geti linabamizwa, mbwa wa jirani wanaanza. Asubuhi watoto hao wanatakiwa shuleni.

Na mama wa nyumba? Tangu saa kumi jioni yupo jikoni, kwa sababu mgeni hawezi kuondoka na njaa. Amepika wali, amepasha maji ya kuoga mara mbili, amefunga maandazi kwenye mfuko ingawa msafiri atapewa chakula ndani ya ndege. Hajalala, maana amepewa kazi ya kuwa saa ya kuamshia. Mgeni akiondoka anabaki na simu mkononi hadi apate ujumbe kwamba amefika, kisha anafanya usafi, na saa kumi na moja alfajiri anaanza siku nyingine. Mumewe ndiye aliyesema kwa sauti kubwa, "Lala kwetu, hoteli ya nini!" Mikono inayofanya kazi ni ya mke. Wanaume wenzangu tunaojisifu kwa ukarimu wa nyumba zetu tuliangalie hili bila kukwepa: ukarimu mwingi tunaoutangaza tunautoa katika usingizi wa wanawake.

Usafiri nao ni mtihani. Kutoka Bunju au Mbagala kwenda uwanjani saa tano usiku hakuna daladala ya kutegemea. Dereva wa teksi ya mtandaoni anapiga kwanza kuuliza unakwenda wapi, akisikia ni mbali anafuta safari, unaanza upya. Kama nyumba ipo ndani ya mitaa isiyo na lami, unapakia begi kwenye bodaboda hadi barabarani, na bodaboda za usiku wa manane kila mtu anazijua. Siwezi kusema barabara hazijaboreshwa. Daraja la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa 2018, na lile la Kijazi pale Ubungo, lililofunguliwa 2021, yamepunguza foleni zilizokuwa zinatutoa machozi. Lakini masika yakichanganya, Jangwani ikajaa maji na kufungwa, magari yote yanabanana kwenye njia zilizobaki. Mjomba aliyejitolea kukupeleka anakaa kwenye foleni hiyo akijua kwamba saa mbili asubuhi ana zamu.

Hayo yote tunayaita kulala bure. Bure kwa nani?

Sasa niseme ukweli wa hoteli zenyewe, maana wengi wanaozilaumu hawajawahi kulala humo na wanadhani ni raha. Kando ya Barabara ya Nyerere, kuanzia Kipawa hadi Banana na kuingia Karakata, kuna gesti za kawaida na hoteli za ghorofa. Chumba ni kitanda, neti, kiyoyozi kinachonguruma na televisheni ukutani. Dirisha linatazama ukuta, au yadi ya malori. Ndege ikipaa, kioo kinatetemeka. Chakula ni chipsi kuku au wali maharage, na mara nyingi kimekaa. Hakuna bahari, hakuna upepo, hakuna cha kupiga picha. Usingizi wenyewe ni wa vipande, kwa sababu kila mgeni ana saa yake: milango inafunguliwa usiku kucha na magurudumu ya mabegi yanapita kwenye vigae vya korido, moja baada ya jingine. Asiyezoea atasema amepoteza pesa zake.

Lakini shuka chini saa saba usiku. Taa za mapokezi zinawaka, yupo mtu macho, chai ipo kwenye chupa, gari lipo nje na dereva wake. Hakuna anayenyata, hakuna anayeombwa radhi kwa kelele. Kwa wafanyakazi wa hoteli hiyo ni saa ya kazi, wameajiriwa kwa ajili yake na wanalipwa kwa ajili yake. Ndugu yako hakuajiriwa. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kumaliza ubishi.

Na ukikaa hapo mapokezi utaona ni akina nani hasa wanaoitwa wenye majivuno. Ni wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou na Istanbul kufunga mzigo, mabegi yao matupu yamepachikwa moja ndani ya jingine. Ni mgonjwa anayekwenda kutibiwa India, picha za eksirei ziko kwenye bahasha kubwa ya kaki mapajani mwa binti yake. Ni mabinti wanaokwenda Oman kufanya kazi za ndani, wamevaa nguo mpya na hawazungumzi sana. Ni mahujaji wazee ambao miguu yao haiwezi kukimbizana na usiku. Niliona familia kutoka Singida iliyopanga vyumba viwili kumsindikiza kijana wao anayekwenda chuo nje. Walikula pamoja, baba akaomba dua, mama akakagua vyeti na pasipoti mara ya mwisho, kijana akalala saa chache na viatu vyake vikiwa kando ya kitanda. Wasindikizaji huishia mlangoni uwanjani, wanaagana kwa haraka huku walinzi wakiwahimiza wasogee. Wale waliagana wamekaa. Nani atasema familia ile haikuwa na undugu?

Pwani yetu ilikwishalijua jambo hili zamani sana. Bagamoyo ipo Caravanserai, mahali palipopumzika misafara iliyotoka bara, Tabora na Ujiji. Zanzibar na Mombasa, jumuiya za Wahindi, Makhoja miongoni mwao, zilijenga musafirkhana, nyumba za kulaza wasafiri. Jumuiya hizo zilijenga pia misikiti, shule na zahanati kwa kuchangishana, na mshikamano wao hakuna anayeutilia shaka. Hata hivyo waliona haja ya nyumba ya msafiri isiyo nyumba ya mtu. Walielewa kwamba mtu mwenye mzigo na saa zisizo za kawaida anahitaji mahali pake, na mwenye nyumba anahitaji usiku wake. Wanaosema hoteli ya msafiri ni tabia ya kigeni waende Bagamoyo wakaliangalie jengo lile.

Nitaambiwa haya ni maneno ya wenye pesa. Ni hoja nzito, na naijibu hivi. Asiye na uwezo wa kulipia chumba akalale kwa ndugu bila haya yoyote. Ndugu ni kimbilio, na nyumba yangu itabaki wazi kwa mtu huyo. Ninachokataa ni kumgeuza msaliti yule mwenye uwezo. Na hesabu ipigwe yote. Weka teksi ya usiku wa manane kutoka Bunju, mafuta ya gari la mjomba, chakula cha kuagana, na zawadi ambayo mgeni hawezi kukosa kuiacha, kisha linganisha na chumba cha gesti ya Kipawa. Anayefika kwa basi Mbezi Luis ana barabara ya Malamba Mawili na Kinyerezi inayomfikisha Banana moja kwa moja, bila kukanyaga katikati ya mji. Anayetoka Dodoma au Morogoro kwa treni ya SGR, kama treni yake inasimama Pugu, anashuka upande huohuo wa uwanja. Watu hawa tunawalazimisha wavuke mji mzima kwenda Bunju, kisha wauvuke tena usiku uleule kurudi walikotoka, ili tu tuonekane tuna upendo.

Siwatetei wenye hoteli kwa kila kitu. Neno la uwanja wa ndege limebandikwa kwenye vibao vya nyumba ambazo hazina ukaribu wowote na uwanja. Niliwahi kulipia chumba pamoja na gari la kunipeleka, na saa nane usiku dereva hapatikani, mlinzi ananishauri nitafute bodaboda na begi la kilo 23. Wapo wanaotoza usiku mzima, wanakuzuia kuingia chumbani kabla ya saa nane mchana, na wanajua kabisa kwamba utaondoka kabla usiku haujafika katikati. Huo ni unyonyaji. Mgeni anayekaa kwa muda wa saa sita alipishwe bei ya muda huo, na gari la uwanjani liwe na ratiba iliyobandikwa ukutani. Kabla hujalipa, uliza dakika ngapi hadi mlango wa jengo unaloondokea, maana la pili na la tatu hayako pamoja, na uliza jina na namba ya dereva wa zamu ya usiku. Akikosekana wa kukujibu, ondoka.

Nawe msafiri, usijifiche. Kupita Dar kimyakimya hadi uonekane na binamu ndiko kunakozaa maneno. Piga simu wiki moja kabla, sema wazi ndege ni saa ngapi na utalala wapi, kisha nenda kwa ndugu zako mchana, ukiwa na nguvu za kukaa na kusikiliza, ukae na wazee, ushike watoto, ule chakula cha mama kikiwa cha moto. Saa nne za mchana wa namna hiyo zina undugu mwingi kuliko usiku wa kuviziana na saa ukutani.

Na wewe mwenyeji, mgeni wako akikwambia ndege yake ni ya usiku wa manane na amechukua chumba Kipawa, usimwulize umemkosea nini. Mwulize atakuwa na nafasi saa ngapi mchana. Mpikie, mle, muongee, umsindikize hadi mlango wa hoteli kabla ya saa tatu usiku, kisha urudi nyumbani ukalale. Kesho una kazi, na watoto wana shule.